Sikudhani Nani?

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia saa sita kasoro usiku. Hakusalimia. "Dada, pitia haya, kesho uniambie lipi." Chini yake yakafuata majina 50 ya watoto wa kike, kila moja na lugha yake na maana yake, yamejipanga kama watahiniwa wanaosubiri kuitwa.

Mimba ilikuwa ya miezi saba na walishaambiwa ni msichana. Alichotaka ni jina ambalo likiitwa darasani, anyanyuke mtoto mmoja tu. Alishachoka na majina ambayo mwalimu hulazimika kuongeza "yule mrefu" au "yule wa dawati la nyuma".

Sikungoja kesho. Nikaanza kusoma palepale, mwanga wa simu ukiniumiza macho, hadi nikafika la 14.

Nala. Kiswahili. Maana yake: zawadi.

Nikacheka peke yangu gizani. Kiswahili nimekisema tangu nilipojua kusema, na "nala" kinywani mwangu imekuwa kitu kimoja tu: mtu anayekula. Nala, wala, ala, twala. Msimamishe mama mlangoni amwite binti yake aliyeko uwanjani, "Nalaaa!", na jirani atadhani anakaribishwa mezani.

Kisha kicheko kikanikauka.

Kama orodha imenidanganya kwa lugha ninayoijua, imenifanyia nini kwa lugha zote zile nisizozijua?

Swali hilo limenikaa rohoni wiki sita sasa. Na huenda lisingenikaa hivyo kama mimi mwenyewe, mtu aliyepewa kazi ya kuhakiki majina ya watu, nisingekuwa naitwa Sikudhani.

## Askari wa mlangoni

Siku za mwanzo nilijifanya askari. Nilichukua majina yote yaliyoandikwa "Kiswahili" nikayasimamisha mstarini.

Nala nikalifukuza. Nadhani lilipata uraia wetu kwa sababu ya ile filamu ya katuni ya mwaka 1994, ambamo Nala anaishi jirani na Simba. Simba ni Kiswahili halali, basi mtu akaona na jirani yake naye lazima awe wetu. Nala mwingine ninayemfahamu ni mfalme wa Kihindi katika utenzi wa kale wa Mahabharata, mume wa Damayanti, mwanamume mwenye ndevu zake.

Eshe, "Kiswahili: uhai". Hapana, labda ni Aisha aliyepotelea njiani. Aisha kweli lina uhai ndani yake, kwa Kiarabu.

Zuri, "Kiswahili: mrembo". Hili lilinisumbua zaidi, kwa sababu si uongo. Ila ni kivumishi kilichokatwa kichwa. Mtu ni mzuri, watu ni wazuri, na "zuri" peke yake linangoja nomino ya ngeli ya LI-YA ije ilikamilishe: tunda zuri, gari zuri, goti zuri. Nililichapa fimbo kwa siku mbili, hadi nikiwa napiga pasi likanijia lililokuwa mbele ya macho yangu: jina zuri. Jina lenyewe ni ngeli ya LI-YA! Anayemwita mtoto wake Zuri, bila kujua, amefuata upatanisho wa kisarufi wa neno "jina". Nikalirudisha mstarini kwa aibu.

Aibu kubwa ilikuwa bado.

Adia, "Kiswahili: zawadi". Hapo nikaangua kicheko tena. Hawa watu kila kitu kwao ni zawadi! Nikampigia mdogo wangu simu, nikamweleza kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kwamba neno hilo halipo, wamelitunga. Nilipokata simu, kitu kikaniambia fungua kamusi. Nikafungua.

Adia: zawadi, tunu, kitu cha thamani.

Lilikuwepo siku zote. Mimi ndiye sikuwepo.

Sikumpigia tena usiku ule. Nilikaa na kamusi mapajani nikifikiri jinsi nilivyosema "halipo" kwa jambo ambalo ukweli wake ulikuwa "silijui". Hao walioandika orodha walikosea kwa kuongeza, mimi nilitaka kukosea kwa kupunguza. Nisingeisoma orodha ya watu wa mbali, neno la lugha yangu lingenipita hadi kaburini.

## Amara

Mdogo wangu alikuwa na kipenzi chake tayari, ingawa alijifanya anauliza. Nilikijua kwa sababu alikitaja mara tatu katika dakika kumi.

Amara.

Orodha ilisema: "Kiigbo: neema". Hiyo ni sahihi kabisa. Kwa Waigbo, amara ni neema, na wengi wenye jina hilo ni ufupi wa Amarachi, neema ya Mungu. Nilitaka kuishia hapo, nimwambie endelea, jina lina baraka.

Lakini nilishaonja tunda la kuchunguza. Kwa Kisanskriti, amara ni asiyekufa. Nikafurahi. Kwa Kiitaliano, na kwa Kilatini kabla yake, amara ni chungu, chungu cha dawa, chungu cha machozi, katika umbo la kike hasa. Nikaacha kufurahi.

Ndipo nikamkumbuka Naomi wa kitabu cha Ruthu. Jina lake lilikuwa la kupendeza kwa maana yenyewe ya kupendeza, akafiwa na mume na wana wawili, akarudi kwao akiwaambia wanawake wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, kwa kuwa ametendewa uchungu. Mara, kwa Kiebrania, chungu. Kwetu mara ni mara moja, mara mbili, mara akaingia. Ukimwita mtu Mara kwa Kiswahili, anayesikiliza anangoja sentensi iendelee.

Sauti zilezile. Huku neema, kule kutokufa, pale uchungu.

Kwa siku kadhaa sikujua nimjibu nini. Je, mtoto anabeba maana zote za dunia nzima, au zile tu za watu watakaomwita? Wanawake wa Skandinavia wenye jina la Siri wamelibeba kutoka Sigrid, jina la kale lenye ushindi na uzuri ndani yake. Hawajui kwamba wakitua uwanja wa ndege mbele ya Mswahili na kutaja jina, Mswahili atainamisha sikio anong'onezwe. Hilo si kosa la Siri. Wala la Mswahili.

Nilimwandikia mdogo wangu yote hayo, aya ndefu. Akanijibu neno moja: "Kwa hiyo?"

## Herufi iliyodondoka

Kuna jambo lingine ambalo orodha haiwezi kukuonyesha, kwa sababu orodha imeandikwa kwa herufi za Kilatini.

Chukua Asiya. Asiya mke wa Firauni, aliyeamini akiwa ndani ya nyumba ya mkanushaji, ni miongoni mwa wanawake wanaoheshimiwa sana katika Uislamu. Jina lake kwa Kiarabu linaanza na alifu na kuendelea kwa sini. Sasa lipo Asiya jingine, linaloanza na ain na kuendelea kwa sadi, ambalo maana yake ni mwanamke mwenye kuasi. Imo katika Sahihi Muslim habari ya mwanamke aliyekuwa na jina hilo la pili, Mtume akambadilishia, akamwita Jamila, mrembo.

Kwa macho ya Mwarabu ni majina mawili yasiyofanana. Kwa maandishi yetu ni pacha wa kufanana, huwezi kuwatofautisha hata kwa alama ya kuzaliwa.

Habari ya Barra inanivutia hata zaidi. Barra ni mwanamke mwema, mcha Mungu. Nani angepinga jina kama hilo? Lakini nalo lilibadilishwa, likawa Zainab, kwa sababu aliyeitwa hivyo alikuwa kama anajitakasa mwenyewe. Kwa hiyo hata uzuri wa maana ukizidi unaweza kuwa mzigo. Nilipoisoma hiyo niliyatazama upya majina yote ya "mkamilifu" na "asiye na dosari" yaliyokuwa kwenye orodha, nikamhurumia mtoto wa miaka 13 atakayefeli hesabu akiitwa hivyo.

Na Uturuki wako wasichana wengi wanaoitwa Aleyna. Jina tamu, linateleza ulimini. Kwa Kiarabu, lilikotoka, si jina la kitu wala sifa ya mtu. Ni kihusishi na kiambishi chake: "juu yetu". Ni sawa na Mswahili kumwita binti yake "Kwetu", na sasa nikilitamka hivyo mara mbili tatu, mbona linaanza kunipendeza?

## Kosa la mpiga chapa

Katikati ya wiki ya tatu nilibadilika. Sikupanga. Nilikuwa natafuta ushahidi wa kulikataa Vanessa.

Orodha ilisema: "Vanessa. Kigiriki: kipepeo". Kigiriki? Jina hilo lilitengenezwa na mwandishi Jonathan Swift kwa ajili ya mwanamke mmoja tu, Esther Vanhomrigh. Alichukua "Van" ya jina la ukoo wake, akaongeza "Essa", namna ya kumwita Esther kwa mapenzi. Esther alifariki mwaka 1723, na shairi lenye jina hilo likachapishwa mwaka 1726. Baadaye, mwaka 1807, mtaalamu wa wadudu Johan Christian Fabricius akalitumia kama jina la kisayansi la jamii moja ya vipepeo.

Kipepeo ndiye aliyepewa jina la mwanamke. Orodha zimegeuza, mwanamke ndiye kapewa la kipepeo.

Nilikuwa tayari kuandika "uongo" pembeni, kalamu ikasita. Uongo kwa nani? Kwa msichana aliyezaliwa juzi, ambaye mama yake alimwita Vanessa akiwaza vipepeo, na atakayechorwa vipepeo ukutani, je, maana ya jina lake si kipepeo? Maana iliingia kwa mlango wa nyuma, lakini imekaa ndani.

Imogen ndilo lililonimaliza. Linajulikana kutokana na tamthilia ya Shakespeare iitwayo Cymbeline, katika mkusanyo uliochapwa mwaka 1623. Lakini mtu mmoja aliyeitazama ikichezwa mwaka 1611, Simon Forman, aliandika jina la binti huyo kuwa Innogen. Wataalamu wengi wanaamini kuwa mpiga chapa alisoma "nn" akaona "m". Innogen lenyewe linahusishwa na neno la Kigaeli lenye maana ya msichana. Vizazi vya wanawake, basi, wameishi, wamependa na kuzikwa kwa jina lililozaliwa na jicho lililochoka la fundi mmoja.

Hakuna aliyewarudishia hizo "n" mbili. Wameridhika na "m" yao.

Nevaeh sitalikalia sana. Ni neno la Kiingereza la mbingu, "Heaven", lililosomwa kinyumenyume. Mwaka 1999 Marekani walizaliwa wasichana wanane tu wenye jina hilo. Mwanamuziki mmoja akamtaja binti yake kwenye televisheni, na kufikia mwaka 2005 wakawa 4,457 kwa mwaka huo mmoja. Huo ndio upekee unaotafutwa kwenye orodha: kila mama ameupata peke yake, mwaka mmoja na wenzake elfu nne. Sikulipenda hapo mwanzo. Bado silipendi, lakini sikulikata.

## Yanayouma

Mdogo wangu alinipigia kunikumbusha kwamba muda unakwenda. Mimi wakati huo nilikuwa nimezama kwenye majina ambayo hakuna orodha ingeyaweka.

Wilayani Satara, katika jimbo la Maharashtra nchini India, wasichana walikuwa wakiitwa Nakusa au Nakushi. Kwa Kimarathi maana yake ni asiyetakiwa. Ni jina la binti aliyezaliwa pale palipongojwa mtoto wa kiume. Oktoba 2011 ilifanyika hafla wasichana 285 wakapewa majina mapya. Nilijaribu kuwaza ukumbi huo. Wasichana 285, kila mmoja akiwa amejibu "naam" kwa neno hilo maisha yake yote, kwa mama, kwa mwalimu, kwa rafiki aliyemwita kucheza bila ubaya wowote moyoni.

China kuna Zhaodi, maana yake mlete mdogo wa kiume. Binti huyo hata kwenye jina lake mwenyewe hayumo, anatumwa kumwita mwingine.

Waigbo kwa upande wao wana Nwanyibuife: mwanamke naye ni kitu. Ukilisoma haraka ni sifa, ukilisoma polepole unasikia mabishano yaliyotangulia. Nani alikuwa amesema si kitu?

Na sisi wenye Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali. Binti aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, alipewa jina la Mtumwa. Sauti yake ilipomtoa akapewa jina jingine, Siti, yaani bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo la Siti binti Saad akavuka hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Kutoka Mtumwa hadi Siti. Sijui jina jingine lililosafiri umbali huo ndani ya mtu mmoja.

Hapo nilitaka kuandika kwamba maana ndiyo kila kitu. Kisha nikawakumbuka akina Sesilia na Klaudia niliosoma nao. Cecilia linatokana na neno la Kilatini la kipofu. Claudia, na la kiwete. Debora ni nyuki kwa Kiebrania na Melissa ni nyuki kwa Kigiriki, na hakuna anayejikinga wakiingia. Ursula ni dubu mdogo. Dolores ni maumivu, wazi kabisa kwa yeyote anayejua Kihispania, na bado watu wamelipokea kwa sababu ya Bikira Maria wa Mateso. Wakati mwingine maana hufa, mtu akabaki. Wakati mwingine inakataa kufa, kama Nakusa, mpaka ifanyiwe hafla.

Inategemea kama wanaokuzunguka bado wanalisikia neno ndani ya jina.

Nadhani hilo ndilo pekee nililolipata kwa wiki zote hizo.

## Mtoto aitwaye Msichana

Yapo pia majina yaliyofikishwa mbele ya hakimu. Nchini New Zealand, mwaka 2008, mahakama ilimweka chini ya uangalizi wake msichana wa miaka tisa ili tu abadilishiwe jina. Wazazi walimwita "Talula Does The Hula From Hawaii", sentensi nzima yenye ngoma ya hula ndani yake. Mtoto mwenyewe hakuwa amewaambia rafiki zake jina lake. Aliwaomba wamwite K.

Herufi moja. Baada ya sentensi nzima, alichotaka ni herufi moja.

Huyo nilimuelewa haraka. Aliyenishangaza ni wa Iceland. Alipewa jina Blær, upepo mwanana, ambalo mama yake alilipata katika riwaya ya Halldór Laxness, mshindi wa Nobeli wa mwaka 1955. Nchi hiyo ina kamati ya majina, na kamati ikakataa, kwa sababu kisarufi neno hilo ni la jinsi ya kiume. Kwa miaka yote hiyo hati za serikali zilimwandika Stúlka. Maana yake msichana. Basi, Msichana. Akiwa na miaka 15, Januari 2013, mahakama mjini Reykjavík ikamrudishia upepo wake.

Fikiria tuambiwe sisi kwamba Nyota halifai kuwa jina la mtu kwa sababu nyota ni ngeli ya I-ZI.

Nilimsimulia mdogo wangu habari hiyo tukacheka wote wawili hadi akasema nimwache, mtoto anapiga mateke. Katika kicheko hichohicho akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Na lako je, dada? Ulishawahi kuhakiki?"

## Hukudhani nini?

Nina majibu yangu ya siku zote. Shuleni walipokuwa wakiniuliza, "Sikudhani, hukudhani nini?", nilikuwa nawajibu, "Sikudhani utauliza swali la kijinga." Nilipokuwa mtu mzima, nilipata jibu la heshima. Wazazi wangu walikaa miaka saba katika ndoa bila mtoto, nikaja mimi, mama akasema sikudhani. Wanaolisikia huweka mkono kifuani. Nimelisimulia hilo kazini, kwenye mabasi, kwa wageni wanaojifunza lugha yetu. Mmoja aliliandika kwenye daftari lake.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kunisimulia.

Miaka saba ni kweli. Jina ni kweli. Kamba inayoviunganisha niliisokota mimi, sikumbuki lini. Nilikuwa nimejiandikia jina langu "Kiswahili: zawadi" na kulitembeza mjini.

Nikampigia mama.

"Mama, kwa nini mliniita Sikudhani?"

Kimya. Halafu nikasikia anacheka, kicheko kile cha kujaribu kujizuia.

"Muulize marehemu baba yako."

"Mama."

"Nilimtuma akakuandikishe. Nilikuwa nimemtajia jina, nikamrudisha mlangoni nikamwambia alirudie, akalirudia. Kufika dirishani, karani anamwuliza jina la mtoto, lote limemtoka kichwani. Akaanza kujitetea. 'Sikudhani...', alitaka kusema sikudhani kama mngeuliza leoleo, arudi kesho. Karani wala hakuinua macho. 'Sikudhani nani?' Baba yako akafikiri anaulizwa jina lake yeye. Akajibu."

"Akaandikwa."

"Ukaandikwa."

Nilikaa chini. Miaka yote nikimwona mama akinitazama usoni na kusema neno la mshangao wa furaha, kumbe ni nusu ya udhuru wa mwanamume aliyesahau alichotumwa. Mimi ni Imogen. Mimi ni "nn" iliyosomwa "m".

"Sasa ulitaka niitwe nani?"

"Nilitaka uitwe..." Akanyamaza muda mrefu, nikamsikia anaguna. "Nani vile? Lilikuwa jina zuri sana. Hebu subiri." Nikasubiri. "Hata silikumbuki tena."

"Na hukwenda kubadilisha?"

"Nililia siku nzima. Baba yako hakula. Jioni ukaanza na wewe kulia, nikakubembeleza kwa jina langu lile, hunyamazi. Nikasema kwa hasira, haya, Sikudhani, unataka nini? Ukanyamaza." Akacheka tena. "Labda ulikuwa umeshachoka."

## Karatasi

Sijui tangu siku hiyo nimweleze nini mtu akiniuliza maana ya jina langu. Juzi mmoja aliniuliza kwenye foleni. Nilifungua mdomo kumpa ile ya miaka saba, ikakwama. Nikamwambia ni habari ndefu, naye akageuka akatazama mbele.

Orodha nilimrudishia mdogo wangu ikiwa imechafuka kwa wino. Nilikuwa nimeongeza matatu yasiyokuwamo: mabinti wa Ayubu, Yemima, Kezia na Keren-hapuki, waliozaliwa baada ya misiba yake. Kitabu kinawataja wao kwa majina, wana saba wa kiume waliozaliwa pamoja nao hakitaji hata mmoja. Kezia ni gome lenye harufu tamu kama mdalasini. Keren-hapuki ni pembe ya wanja, chombo cha vipodozi. Mtu aliyetoka kukaa majivuni akijikuna kwa kigae, anamwita binti yake Kopo la Wanja! Hilo nililipigia mstari mara mbili. Mdogo wangu akasema nimepotoka.

Na Adia nililizungushia duara, nikaandika pembeni: lipo, samahani.

Nala nilikuwa nimelifuta. Wiki iliyopita nililirudisha, nikaandika: nala, nakula. Aamue mwenyewe. Mtoto anayekula vizuri si jambo baya.

Amechagua. Jina sitaliandika hapa, ni la mwenyewe na hajafika. Alinitajia kwenye simu kwa sauti ya chini, nami sikumwuliza maana yake. Nilimwomba tu alirudie, nikalitamka na mimi, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali.

Kisha nikamsimulia habari ya baba na karani, yote, hadi pale mama aliposahau. Hakucheka nilivyotarajia. Alinyamaza, nikasikia droo inafunguliwa.

Jana alinitumia picha. Ni karatasi nyeupe iliyokunjwa mara mbili, jina limeandikwa kwa herufi kubwa, kila herufi imekaa mbali na mwenzake, na chini yake maelekezo kwa mumewe:

"Ukifika dirishani mpe hii. Usiseme neno."